Picha Iliyokwenda Kalehe

Kinyonga hakimbii, ndiyo sababu nilianza naye. Ndege wakisikia mlango wa jikoni wanaruka, na mjusi ukimwinulia simu tayari ameingia katika ufa wa ukuta. Lakini kinyonga ukimkuta kwenye uzio asubuhi, mwili wake ungali na baridi, anakutazama kwa jicho moja na lile la pili analielekeza kwingine, kama mtu aliyekaa na wageni huku akifikiria kazi zake. Unaweza kumpiga picha mpaka uchoke.

Uzio wetu uko nyuma ya nyumba, huku mtaani Kasha, mahali ambapo mteremko unaanza kushuka. Si wa mabati wala wa mbao. Ni miti iliyopandwa karibu karibu, yenye majani mapana, na katikati yake magugu yamejisokota mpaka huoni kiwanja cha jirani. Mbele yake kuna matembele ya maman, migomba michache na jiwe la kufulia. Hapo ndipo nilipojifunza kuchora, na hapo ndipo dada yangu alipokuwa akikaa nami kabla hajaolewa.

Tumezaliwa wawili tu. Yeye ni mkubwa wangu, namwita yaya. Papa aliondoka kwenda Shabunda kutafuta dhahabu nilipokuwa darasa la sita. Mwanzoni alituma habari kwa watu waliokuwa wakirudi, baadaye watu wakarudi bila habari. Nikamaliza shule ya msingi na kubaki nyumbani. Maman alishinda sokoni akiuza unga wa muhogo. Dada yangu alishona nguo kwa mashine pale mbele ya nyumba, nami nilimpigia pasi. Watu wakija kupimwa, mimi nilihamia nyuma. Sikuwa na ugomvi na mtu. Ni kwamba mtu akiniuliza kitu, jibu linanijia akiwa amekwisha kuondoka. Dada yangu alilijua hilo, akawa ananijibia. "Anasema asante." "Anasema amekula." Nami nilikuwa sijasema lolote.

Kinyonga tulimwona pamoja. Alikuwa mdogo, wa kijani, na ubavuni ana mstari mweupe kama uzi. Dada yangu alisema mshono huo umenyooka kuliko wa kwake. Kwetu watu wengi hawamtaki kinyonga. Wanamuua kwa fimbo ndefu ili wasimkaribie, na mwanamke mwenye mimba akimkuta njiani anageuka kurudi alikotoka. Maman pia hamtaki. Sisi wawili hatukuwa na hofu hiyo, au niseme dada yangu hakuwa nayo, nami nikamfuata. Tulimtafuta kila asubuhi kabla mashine haijaanza. Aliyemwona kwanza hakusema, alikaa kimya na kujifanya anatazama migomba, mpaka mwenzake amwone mwenyewe. Tulikuwa watu wazima tayari, na bado tulicheza hivyo.

Rangi za mafuta nilizijua kwa mzee mmoja mchoraji wa vibao vya maduka, mwenye kibanda kando ya barabara ya Bagira. Watu wa ofisini na wageni aliwachorea gorila, tembo, na wanawake waliobeba ndoo kichwani. Nilisimama mlangoni kwake siku nyingi, mpaka akachoka kunizunguka kila anapotoka, akanipa kigoda. Alinionyesha jinsi ya kuvuta gunia la unga lililofuliwa juu ya fremu ya mbao na kulipaka gundi na chokaa. Alinionyesha kuanza na rangi nyepesi iliyochanganywa na terebentini, kuiacha ikauke, kisha kuongeza ile nzito yenye mafuta ya kitani. Tyubu zake zikiisha alinipa, nami nilizipasua kwa wembe na kukwangua kilichobaki. Siku moja mafuta ya kitani yaliniishia, nikachukua mawese jikoni, nikaona mafuta ni mafuta. Picha ile ya mjusi haijakauka mpaka leo. Sisimizi walikuja kuila. Walipanda ukutani kwa mstari mmoja, wakaanzia mkia. Dada yangu alicheka hadi akasimamisha mashine, akaniambia kwamba mjusi wangu ndiye mjusi wa kwanza duniani kuliwa na chakula chake.

Sichori nikimtazama mnyama mwenyewe. Naona kama namsumbua. Nampiga picha kwa simu yangu iliyopasuka kioo, naenda kuichapisha kwa kijana mwenye mashine karibu na soko, kisha nachora vijimraba juu yake kwa kalamu, na vijimraba vingine vikubwa juu ya gunia, na kuhamisha kimoja kimoja. Simu yangu inafanya kijani kielekee njano. Kwa hiyo nikishachanganya rangi, nakwenda nyuma kuchuma jani, nalishika kando ya brashi.

Katika picha ya simu niliyompiga kinyonga yule, mkono wa dada yangu ulikuwa ndani. Alikuwa amelishika tawi lisitikisike wakati nikipiga. Nilipochora niliuacha nje mkono wake, kwa sababu mikono ni migumu na mimi nilikuwa bado sijaiweza. Tawi likabaki limeinama, na hakuna kinacholiinamisha. Kinyonga nilimpa rangi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Vinundu vya ngozi yake niliviweka kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti, na mgongo wake ukasimama juu ya gunia kama kovu. Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, rangi ikakauka vizuri. Ni picha ya kwanza niliyoimaliza bila kutamani kuigeuzia ukutani.

Wakati huo ndoa ya dada yangu ilikuwa imekwisha kupangwa. Mwanamume ni mtu wa Kalehe, mpole, anauza misumari na mabati. Familia yake walileta mahari, padri akatangaza kanisani, na maman akaanza kutafuta viti vya kukodi. Mimi nilijua jinsi siku ile itakavyokuwa. Kila ndugu ataitwa mbele ampe bibi-arusi neno, nami nitasimama pale na neno halitakuja. Ndipo nikaamua kumpa picha ya kinyonga. Nilitaka kitu hicho kimoja tu, picha iingie katika nyumba yake Kalehe na itundikwe, ili kuwe na mahali katika maisha yake mapya ambapo mimi nipo na sihitaji kusema. Nilimpa mapema, tukiwa wawili. Aliitazama muda mrefu, kisha akatafuta kitenge cha kuifunga, akaiweka pamoja na masufuria na mashuka yake.

Juma la mwisho shangazi za bwana-arusi walikuja kuona vitu ambavyo bibi-arusi atakwenda navyo. Ni desturi, na ni ya furaha. Walikuwa watatu, wamevaa vitenge vya namna moja. Aliyekuwa mkubwa wao alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuchekesha watu. Anaishi nyumba ya pili kutoka mahali dada yangu alipokuwa akienda kuishi. Alipiga masufuria kwa kidole ayasikie, akauliza kama bibi-arusi anakwenda kuolewa au kufungua mgahawa. Maman alicheka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa nyuma, tayari kutoka. Ndipo yule mama akafungua kitenge chenye picha.

"Hii iko nini?" akauliza.

"Iko picha, tantine," dada yangu akasema. "Zawadi ya mudogo wangu."

"Naona iko picha. Mi naulizia ule mwenye iko ndani."

Shangazi wa pili alisogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Njo huyu alichora?" Alinigeukia. "We mutoto, ulimuona ao ulimuota?"

Nilishika komeo la mlango wa nyuma.

"Sasa mudomo yake iko wapi? Muliipakia mu masufuria?"

Wote walicheka, hata maman alicheka kidogo, na dada yangu akasema haraka, "Anasema alimuona hapa nyuma."

Yule mama aliiweka picha chini taratibu, uso wake ukielekea ukuta. Alipoongea tena hakuwa anafanya mzaha. Alisema mkono wangu ni mzuri, kwamba hata kwa wazungu hajaona majani yaliyochorwa hivyo, na kwamba hana ubaya na mimi. "Lakini hii haiingie mu nyumba ya bibi-arusi, mwanangu. Akiamuka asubui, kitu ya kwanza anaona njo hii? Na mimba ikikuya? Muchoree ndege. Muchoree ata mbuzi."

Nilimngoja dada yangu anijibie kama siku zote. Aliinama, akakikunja kitenge mara mbili, akakilaza juu ya magoti yake.

"Sawa, tantine," akasema. "Itabakia."

Walipoondoka alinifuata nyuma. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe la kufulia. Aliniambia kwamba si hofu, ni heshima tu, kwamba yeye ndiye atakayeishi na watu wale, si mimi. "Usikasirike," akasema. Nikatikisa kichwa. Alibaki amesimama akitazama uzio, lakini sidhani alikuwa anatafuta kitu. Kisha akaitwa mbele.

Nilifikiri kuikwangua. Nilichukua kisu, nikaona kwamba rangi imekauka kabisa na gunia litachanika. Na kusema kweli, mkono ulikataa. Asubuhi iliyofuata nilipiga picha ya uzio mahali ambapo hakuna kinyonga, majani matupu, nikakimbia kuichapisha. Nikaanza kuchora majani hayo juu ya kinyonga wangu.

Nilianza na mkia, kwa sababu mkia ulikuwa rahisi kuupoteza. Halafu miguu, halafu ule mstari mweupe. Jani moja pana nililishusha juu ya mgongo. Jicho nililiacha mpaka mwisho, nikalifunika kwa kivuli cha jani, si kwa jani lenyewe. Lakini vinundu vilikuwa vimekauka vikiwa vimesimama, na rangi mpya ilipita juu yake kama shuka juu ya mtu aliyelala. Ukitazama kutoka mbele unaona majani. Ukisimama kando, mwanga ukija wa ubavuni, mgongo upo. Niliridhika sana nilipoona hivyo. Nilijisemea kwamba nitamwambia dada yangu peke yake, na kwamba atacheka hadi asimamishe kila kitu.

Sikumpata peke yake. Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake walimenya ndizi ukumbini, watoto wa majirani walilala popote, na dada yangu alikuwa ameketi katikati ya kina mama watatu wakimsuka. Nilisimama mlangoni na picha mikononi, rangi bado mbichi. Hakuweza kugeuza kichwa kwa sababu ya nywele, akageuza macho tu.

"Ulimufuta?" akaniuliza.

Wale kina mama wote wakanitazama. Aliyeshika kitana akasema kwamba sasa ndiyo nzuri, inafanana na pazia la salon, chumba cha wageni, na mwenzake akasema mimi ni mtoto mwenye kusikia wakubwa. Dada yangu alitabasamu kidogo, akasema asante, akafumba macho kwa sababu walikuwa wanavuta. Nilikwenda kuiweka picha mahali pa hewa. Jibu lilikuja nikiwa nyuma, karibu na migomba. Hapana, yaya, sikumfuta.

Siku ya harusi ilipita. Waliniita mbele nikasema "asante" katika maikrofoni, nikairudisha, na watu wakapiga makofi ya kunionea huruma. Walipopakia vitu, kijana wa upande wao aliipakata picha magotini ndani ya gari, isiguswe na kitu, na yule shangazi mkubwa akalalamika kwamba inanuka kama garaji. Lakini hakuikataa. Nililiona gari likipinda. Nilichokuwa nimekitaka kilikuwa kinakwenda Kalehe.

Mashine ya kushonea ilikwenda naye. Pale ilipokuwa sakafu imebaki na alama nne, na wateja bado walikuja kugonga, nikawa nawafungulia na kutikisa kichwa. Hakuna aliyenijibia tena, kwa hiyo wengine walidhani mimi ni bubu, wakaongea nami kwa mikono. Maman alirudi jioni amechoka, tukala tukisikiliza redio. Mvua zikaanza. Wakati wa mvua rangi za mafuta hazikauki, nyumba nzima inanuka terebentini, na maman anafungua madirisha bila kusema. Nilichora chura wa chini ya pipa. Nilichora konokono, na mwewe aliyekuwa akikaa juu ya paa la jirani na manyoya yamelowa. Kinyonga nilimwona mara chache. Nikimwona, nilibaki nimesimama, nikitazama migomba, kisha nikakumbuka kwamba hakuna wa kumngoja.

Jumapili baada ya misa dada yangu alimpigia maman simu, na mwisho maman alinipa mimi. Aliniuliza kama niko mzima, nikasema niko. Aliniuliza kama nachora, nikasema nachora. Siku moja alinitumia picha. Kuta za salon yao zilikuwa za buluu, viti vina vitambaa vyeupe, na juu ya viti kulikuwa na majani yangu. Alisema kila mgeni anaisifu, na kwamba shangazi anawaambia watu kuwa ni yeye aliyeshauri.

Niliikuza kwenye kioo kilichopasuka. Dirisha la salon lilikuwa kushoto, mwanga ulikuja wa ubavuni, na mgongo ulikuwepo. Mtu asiyejua hawezi kuuona. Dada yangu alikuwa anakaa mbele yake kila siku na hakuuona.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake kilinianza kitu ambacho hakikutoka. Picha ilikuwa imeingia, imetundikwa, inasifiwa, lakini yeye aliamini kwamba nilimfuta. Aliamini kwamba waliniambia toa, nikatoa. Basi ndani ya nyumba ile sikuwemo. Kulikuwa na majani tu, ambayo yangeweza kuchorwa na mtu yeyote. Niliishi na jambo hilo juma moja baada ya jingine. Kila Jumapili nilijiandaa, na kila Jumapili maman alikuwa amesimama karibu akinyoosha mkono achukue simu yake.

Mwishowe nilimpigia mwenyewe. Ilikuwa mchana, maman yuko sokoni, mvua imekatika. Nilikaa juu ya jiwe la kufulia na nilikuwa nimeyasema maneno yale kwa sauti mara nyingi mbele ya uzio. Alipokea upesi, na sauti yake ilikuwa na woga, kwa sababu sikuwa nimewahi kumpigia mtu.

"Maman iko muzima?"

"Iko muzima. Iko ku soko."

"Sasa?"

"Ni juu ya ile picha, yaya. Sikumufuta. Iko chini ya majani. Ukisimama pembeni ya dirisha utaona mugongo yake."

Nilingoja acheke. Nilikuwa nimekingoja kicheko hicho tangu siku ya harusi. Hakikuja. Niliondoa simu sikioni nitazame kama imekatika, na haikuwa imekatika.

"Juu ya nini unaniambia sasa?" akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka chini kabisa.

"Nilitaka ujue."

"Niko na mimba," akasema. "Ata maman sijamwambia."

Nilitazama matembele. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka jani moja kwenda jingine. Nilifikiri kumwambia kwamba ni rangi tu, kwamba chini yake ni gunia la unga, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelishika tawi. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililotoka. Yule aliyelishika tawi alikuwa hana kitu tumboni cha kuogopea. Nikamwuliza kama ataishusha.

"Nikiitosha ku ukuta wataniuliza juu ya nini. Nitasema nini?" Nilimsikia akivuta pumzi. "Itabakia. Lakini mi sitaiangalia tena mupaka mutoto azaliwe. Nitakuwa naipatia mugongo."

"Sawa, yaya."

"Usikasirike."

"Siko nakasirika."

Nadhani alidhani amefunga simu. Aliiweka mahali, juu ya meza labda, na mimi sikukata. Nilisikia hatua, kisha kiti kizito kikiburutwa sakafuni, kikisimama, kikiburutwa tena. Mlango ukafunguliwa. Niliitambua sauti ya yule shangazi mkubwa, akiuliza kwa nini mtu mzima anahamisha viti kama mtoto anayecheza.

"Jua inaniingia ku macho," dada yangu akasema.

Shangazi alisema kitu kuhusu kufunga pazia. Dada yangu akajibu hapana, liache wazi, hapa panatosha. Akakaa, nami nikajua ameipa picha mgongo. Nilisikia kiti kikilia chini yake, kisha kijiko kikizunguka ndani ya kikombe, polepole, na wale wawili wakaanza kuongea mambo ya bei ya samaki wa sambaza. Nilibaki nimeshika simu sikioni, nikisikiliza nyumba ile, mpaka ilipokatika yenyewe.